Mguu Unaouma na Mguu Usiouma: Utunzaji wa Nyayo na Tiba ya Maumivu ya Kawaida

Katika Kiswahili, neno "mguu" hubeba kiungo chote kuanzia nyonga hadi ncha za vidole. Makala haya yanahusu sehemu iliyo chini ya kifundo, ambayo hukanyaga ardhi na kubeba uzito wa mwili mzima. Sehemu hiyo ina mifupa 26, viungio zaidi ya 30, pamoja na misuli na kano zaidi ya 100. Licha ya kazi yake kubwa, hukaguliwa mara chache. Mgonjwa huingia katika chumba cha daktari na viatu vyake, na mara nyingi hutoka bila kuvivua.

Kinachomfikisha mtu kituoni kwa kawaida ni maumivu. Maumivu mengi ya miguu hutulia kwa hatua rahisi zinazofanyika nyumbani. Mguu unaopaswa kuhofiwa zaidi ni ule uliopoteza uwezo wa kuhisi maumivu. Ni muhimu mtoa huduma na mgonjwa waitofautishe miguu hii miwili kabla ya kuanza tiba yoyote, kwani ushauri unaoufaa mmoja unaweza kuudhuru mwingine.

Kisigino kinachouma asubuhi

Chini ya unyayo kuna utando mnene wa nyuzi unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kuishia kwenye mashina ya vidole. Utando huo hushikilia uvungu wa unyayo kama kamba inavyoshikilia upinde. Unapovutwa kupita kiasi siku baada ya siku, huchanika kidogo kidogo pale unaposhikana na kisigino. Wanaoathirika zaidi ni watu wa makamo, wenye uzito mkubwa, na wale ambao kazi zao huwalazimu kusimama muda mrefu juu ya sakafu ngumu: mama lishe, mwalimu, mlinzi, muuguzi wa zamu.

Dalili yake ni rahisi kuitambua. Mgonjwa huamka, hukanyaga chini, na hatua za kwanza humuuma kana kwamba amekanyaga msumari. Akitembea kidogo maumivu hupungua, kisha hurejea jioni au baada ya kukaa kitako muda mrefu. Sababu ni kwamba wakati wa mapumziko utando hukakamaa, na hatua ya kwanza huunyoosha kwa ghafla.

Wagonjwa wengi huomba eksirei, na baadhi huogopa wanapoambiwa kuwa "mfupa umeota" kisiginoni. Ieleweke kuwa watu wengi wana mwiba huo wa mfupa bila kuhisi maumivu yoyote, na kuuona kwenye picha hakubadilishi tiba ya mwanzo. Tiba hiyo ni mazoezi. Kabla ya kushuka kitandani, mgonjwa aweke mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine, ashike vidole na kuvivuta kuelekea kwenye muundi hadi ahisi unyayo umekazika. Ahesabu hadi 10, aachie, na arudie mara 10. Zoezi hili lifanywe mara 3 kwa siku. Aongeze zoezi la kunyoosha shavu la mguu kwa kusukuma ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka na kisigino hakinyanyuki.

Pamoja na mazoezi, mgonjwa asitembee pekupeku juu ya sakafu ngumu, avae kiatu chenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, na apunguze uzito iwapo umezidi. Chupa ya maji yaliyoganda, ikiviringishwa chini ya unyayo kwa dakika 10 hadi 15, hutuliza maumivu. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila upasuaji, ingawa nafuu huja polepole na huhitaji subira. Sindano ya steroidi kisiginoni isiwe hatua ya kwanza: nafuu yake ni ya muda, na ikirudiwa inaweza kuukata utando wenyewe.

Maumivu mengine ya kawaida

Kuteguka kifundo. Mguu hukunjika kwa ndani na kano za upande wa nje huvutika. Katika siku mbili za mwanzo mguu upumzishwe, uinuliwe, ufungwe bandeji isiyobana sana, na ukandwe kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kuuchua kwa nguvu mapema huongeza uvimbe. Mgonjwa asiyeweza kutembea hatua 4, au anayeumia anapobonyezwa juu ya mfupa wa kifundo, apigwe eksirei kwani huenda amevunjika.

Jongo, ambalo wengi huliita gauti. Kidole gumba huvimba ghafla, mara nyingi usiku, kikawa chekundu na cha moto kiasi cha mgonjwa kutovumilia hata uzito wa shuka. Chanzo chake ni chembechembe za asidi ya yuriki zinazoganda katika kiungio. Pombe, hasa bia, nyama nyekundu na maini huchochea. Kwa kuwa maambukizi ya kiungio hufanana nalo, mgonjwa mwenye homa apimwe haraka.

Sugu na kucha inayoota ndani. Sugu ni dalili ya mgandamizo, hivyo tiba yake huanza na kubadilisha kiatu. Kucha ikatwe kwa mstari ulionyooka na pembe zake zisichimbwe, kwani kuzichimba ndiko huifanya izame katika nyama.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni husaidia kwa siku chache. Hazimfai mwenye ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo, na mwenye shinikizo la damu au mjamzito asizitumie bila ushauri wa daktari.

Mguu usiouma

Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu kuanzia ile mirefu zaidi, yaani inayofika kwenye vidole vya miguu. Mgonjwa huanza kuhisi ganzi, kuchomachoma au kuwaka moto nyakati za usiku. Baadhi hawahisi chochote, na ukimya huo wakaudhania kuwa afya. Misuli midogo ya mguu hudhoofu na vidole hujikunja. Jasho hukauka, ngozi ikapasuka na kuacha magaga yanayoingiza vijidudu. Mishipa ya damu nayo ikiwa imeziba, kidonda hukosa damu ya kukiponya. Ukoma pia huua mishipa ya fahamu ya miguu na kuleta vidonda vya namna hiyohiyo.

Mtu wa namna hii hukanyaga msumari ukamkaa siku nzima katika kiatu. Huotesha miguu kwenye jiko la mkaa ikaungua bila yeye kushtuka. Majarida ya kitabibu yamewahi kuchapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari jijini Dar es Salaam waliotafunwa vidole na panya wakiwa usingizini, wakagundua asubuhi walipoona damu. Kidonda kisichouma hakimlazimishi mtu kuchechemea wala kutafuta tiba, hivyo huchimba hadi kwenye mfupa. Wengi wanaokatwa mguu kwa sababu ya kisukari walianza na kidonda kidogo ambacho kingeweza kuzuilika.

Hapa ndipo ushauri hubadilika. Barafu, maji ya moto, chupa ya maji ya moto na dawa za kulainisha sugu ni marufuku kwa mguu wenye ganzi. Sugu ikatwe na mtaalamu, isiguswe na wembe nyumbani.

Upimaji usiohitaji kifaa

Kipimo kinachotumika sana ni uzi wa plastiki wenye kani ya gramu 10. Pale usipokuwepo, kuna njia iliyobuniwa katika mji wa Ipswich, Uingereza, inayohitaji kidole cha mpimaji pekee. Mgonjwa afumbe macho. Mpimaji amguse kwa wepesi, kwa sekunde 1 au 2, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Jumla ni vidole 6. Asibonyeze wala asipapase. Mgonjwa aseme "kulia" au "kushoto" kila anapohisi. Asipohisi vidole 2 au zaidi, ahesabiwe kuwa amepoteza hisia. Kipimo hiki kinaweza kufanywa katika zahanati yoyote, hata nyumbani na ndugu wa mgonjwa.

Kila mgonjwa wa kisukari akaguliwe miguu angalau mara 1 kwa mwaka. Aliyepoteza hisia akaguliwe kila baada ya miezi 6 hadi 12, na aliyewahi kupata kidonda kila mwezi 1 hadi 3.

Utunzaji wa kila siku

Hatua zifuatazo humfaa kila mtu, na kwa mgonjwa wa kisukari ni sehemu ya tiba:

- Kukagua miguu kila siku, pamoja na nyayo na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo au aombe msaada wa aliye karibu naye.
- Kuosha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, joto lake likipimwa kwa kiwiko, kisha kuikausha vizuri katikati ya vidole ambako fangasi hupenda kuota.
- Kupaka mafuta kwenye nyayo na visigino ili kuzuia magaga, bila kupaka katikati ya vidole.
- Kukung'uta viatu na kupapasa ndani yake kwa mkono kabla ya kuvivaa.
- Kununua viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Nafasi ya upana wa kidole ibaki mbele ya kidole kirefu. Kandambili hazimfai mwenye ganzi, kwa kuwa humchubua kati ya vidole na huvuka bila yeye kujua.
- Kwa wanaoishi penye funza, kuvaa viatu vilivyofunika mguu na kuepuka kuchangia sindano au pini za kutolea funza.

Wakati wa kufika kituoni bila kuchelewa

Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda chochote mguuni, hata kisichouma, afike kituoni siku hiyohiyo au kesho yake. Mguu wake ukivimba, kuwa mwekundu na wa moto pasipo kidonda, usidhaniwe kuwa umeteguka tu: huenda mifupa imeanza kusagika, na kuendelea kuukanyaga huuharibu kabisa. Ngozi iliyogeuka nyeusi, harufu mbaya, homa, au usaha ni dharura. Kwa asiye na kisukari, maumivu yasiyopungua baada ya wiki kadhaa za mazoezi, au ganzi isiyo na maelezo, yanahitaji uchunguzi, ikiwemo kupimwa sukari.

Wahenga walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta. Kwa mguu wenye ganzi, ufa huo ni gaga dogo la kisigino, na ukuta ni kiungo kilichokatwa. Ukaguzi wa miguu huchukua dakika chache: mtoa huduma amwombe mgonjwa avue viatu, na mgonjwa asiyeombwa avivue mwenyewe.