"Mama, Wenzangu Wote Wamechagua B!"

Kila Septemba watoto wetu wa darasa la saba wa Musoma, Bunda na Butiama hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi pamoja na wenzao wa nchi nzima. Mwaka 2024 walioandikishwa walizidi milioni 1.2. Mtihani huchukua siku mbili. Wakitoka kwenye karatasi ya Kiswahili, watoto hukusanyika chini ya mti na kuanza kuulizana: "Lile swali la ufahamu, wewe umechagua ipi?" Mmoja akijibu C, wengine humzomea: "Umekosa! Sisi wote B."

Akina mama wapendwa, mtoto huyo akifika nyumbani amenyong'onyea, tusidhani ni uchovu tu.

Mbona swali la kusoma huleta ubishi?

Hesabu mtoto anaweza kuirudia kwa kijiti mchangani. Ufahamu sivyo, kwa maana jibu limo ndani ya habari aliyosoma. Tuchukue mfano. Habari inasema mvuvi alirudi mapema kwa sababu ya upepo mkali. Swali linauliza kwa nini alirudi mapema. A, nyavu zilichanika. B, hakupata samaki. C, upepo ulikuwa mkali. Mtoto aliyekulia kando ya ziwa anaweza kukimbilia B, kwa kuwa ameona wavuvi wengi wakirudi mikono mitupu. Ni kweli ziwani, lakini si kweli katika habari ile. Wanne wakichagua B, bado jibu ni C. Tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua husilibwa kwenye fomu maalumu na kusahihishwa kwa mashine, na mashine haijui nani ana sauti kubwa chini ya mti.

Wengine husema watoto wetu hushindwa kwa sababu nyumbani husikia Kijita, Kizanaki, Kiikizu, Kikurya au Kijaluo. Tusikate tamaa. Mwalimu Nyerere alitoka Butiama akisema Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12 hivi. Mwaka 1937 alikuwa Tabora. Baadaye alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili.

Hofu huingia mwilini

Sisi wauguzi tunaijua hofu hii: tumbo kuuma, kichwa kugonga, chakula kutopita, usingizi kukimbia. Kesho yake mtoto ana karatasi nyingine, naye anakwenda kuifanya akiwa amekwisha kujihesabu ameshindwa. Lakini mwili ukiwa na joto, tusiseme ni hofu tu. Huku kwetu kando ya ziwa malaria ipo. Apelekwe zahanati akapimwe, asipewe dawa kwa kubahatisha.

Kwa binti hatari ni kubwa zaidi. Akisema Septemba, "Mama, nimefeli," wapo watakaoanza kumtafutia kazi za ndani mjini, na wapo watakaoanza kuhesabu ng'ombe. Matokeo hutolewa na Baraza la Mitihani, si na wenzake. Na tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Tusikubali mtu amwamulie binti yetu maisha kabla ya matokeo, na hata yakija mabaya, huyo bado ni mtoto.

Tufanye nini?

1. Jioni ya siku ya kwanza tusimwulize, "Umepata mangapi?" Aoge, ale ugali wake na dagaa, alale mapema.

2. Tumwambie kwa upole kwamba karatasi iliyokwisha kukusanywa haibadiliki. Iliyobaki ni ya kesho.

3. Mtihani ukiisha kabisa, waache walinganishe majibu. Ila tuwafundishe swali jema zaidi: "Umeliona wapi kwenye habari?" Hapo ubishi hugeuka kuwa somo.

4. Tusingoje darasa la saba. Tangu darasa la pili, mtoto asome kwa sauti dakika kumi kila jioni, kisha tumwambie, "Haya, nieleze kwa maneno yako." Hata mama asiyejua kusoma anaweza kufanya hivyo. Akieleza kwa lugha ya nyumbani, ni sawa. Tunachotafuta ni kama ameelewa.

5. Tusimpime kwa mtoto wa jirani. Baba naye aelezwe mapema, ili neno la ukali lisitoke mezani.

Mtoto aliyezoea kuulizwa "umeliona wapi?" hatatishwa na kelele za wengi. Atasoma tena, ataonyesha mstari kwa kidole, na akiwa amekosa atakubali bila kuvunjika moyo. Dakika kumi za jioni ya leo zinatosha kuanza.