Malaria: Dawa yenye chuma ambayo Masako bado inaingoja

Masako iko kilomita 14 kutoka Kisangani, jimboni Tshopo, kwenye barabara ya zamani ya Buta. Msitu wake wa hifadhi, wenye hekta 2105, umezungukwa na mashamba na nyumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani huenda huko kuchunguza miti na wanyama. Kwa wazazi wa hapo, mtoto akipata homa usiku, wazo la kwanza ni malaria.

RDC ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Wazee wanakumbuka nivakini, yaani klorokini, iliyokuwa ikimaliza homa kwa siku chache. Vimelea viliizoea, nayo ikaachwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tangu 2005, RDC inategemea dawa za mchanganyiko zenye artemisinini.

Klorokini ilishindwaje? Kimelea hula ndani ya chembe nyekundu za damu na kubaki na taka yenye chuma, ambayo ni sumu kwake. Hujiokoa kwa kuigandisha. Klorokini huzuia kugandisha huko, lakini vimelea sugu vilipata njia ya kuitoa nje.

Katika miaka ya 1990, mkemia Christophe Biot na wenzake mjini Lille, Ufaransa, walipachika ferosini katika klorokini. Ferosini ni atomu ya chuma iliyobanwa kati ya pete mbili za kaboni, kama nyama kati ya vipande viwili vya mkate. Dawa hiyo, ferokwini, huua hata vimelea vilivyozoea klorokini, kwa sababu havimudu kuitoa kirahisi. Pia haivunjiki upesi: baada ya takriban wiki mbili, karibu nusu yake bado imo mwilini.

Molekuli zake zina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Katika dawa nyingine, mkono mmoja huponya na mwingine hausaidii. Kwa ferokwini, maabara ilionyesha mikono yote miwili inaua kimelea kwa nguvu sawa, na katika panya mchanganyiko wake ulifanya vizuri zaidi kidogo. Hivyo hakukuwa na haja ya kuitenganisha.

Ilijaribiwa kwa wagonjwa, wakiwemo wa Gabon. Lakini ilipounganishwa na dawa nyingine mpya, artefenomeli, haikufikia kiwango cha uponyaji kilichotakiwa, na mpango huo ukasimamishwa. Haijafika katika maduka ya dawa.

Wakati huohuo hatari inasogea. Watafiti walitangaza vimelea vinavyostahimili artemisinini nchini Rwanda mwaka 2020 na Uganda mwaka 2021, nchi zinazopakana na Kongo.

Kwa familia ya Masako, ulinzi uliopo ni huu: kulala ndani ya chandarua, kupimwa damu kabla ya kumeza dawa, na kumaliza vidonge vyote hata homa ikishuka siku ya kwanza. Dawa ya leo ikizoeleka kama nivakini, ya kushika nafasi yake bado haijawa tayari.