Sakafu ya nyanya si ya kuchekwa

Ndugu msomaji, tuseme ni mwezi wa Desemba. Shule zimefungwa, nawe umeabiri matatu jijini Nairobi kwenda nyumbani Bomet kwa njia ya Narok. Unapita Mulot, unauacha mji wa Bomet nyuma, na unapokaribia Silibwet mashamba ya mahindi yanaanza kupisha majani chai, kijani kibichi hadi upeo wa macho. Alasiri mawingu yanatanda. Unapofika lango la nyanya, mvua nayo inafika.

Ndani ya nyumba moto unawaka na chai ya maziwa iko tayari. Sakafu imepakwa jana kwa ajili yenu wageni. Ni ya udongo na kinyesi cha ng'ombe, laini kama ngozi, na harufu yake hafifu ni ya nyasi zilizokauka. Mtoto wako wa mwisho, aliyezaliwa na kulelewa katika nyumba ya ghorofa, anasimama mlangoni akiuliza kwa sauti kubwa iwapo pale chini ni pachafu.

Watu wazima wanacheka, lakini kila mmoja moyoni ameona haya kidogo. Usiku huo mjadala unazuka. Kaka mkubwa anasema bonasi ya majani chai imelipwa, kwa hivyo mwaka huu ni lazima simiti iwekwe. Dada yako amekuja na wazo jipya. Ameona katika duka la vifaa vya ujenzi bodi nyembamba ngumu ambazo, kwa maelezo ya muuzaji, hulazwa chini na kazi ikaisha kwa siku mbili. Mama mwenye nyumba anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza swali moja tu: "Wanangu, na mvua je?"

Makala haya yanahusu swali hilo, kwani katika nchi ya majani chai, inakonyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ndilo linaloamua sakafu ipi itadumu na pesa zipi zitapotea.

Ufundi ulio chini ya miguu

Kwanza tuelewe nyanya amefanya nini. Udongo mwekundu wa Kericho na Bomet umetokana na miamba ya volkano iliyolika kwa mamilioni ya miaka. Una mfinyanzi mwingi, na mfinyanzi una tabia mbili. Ukilowa hunata na kufinyangika utakavyo. Ukikauka hunywea na kupasuka. Ndiyo sababu mtu akimwaga tope zito sebuleni na kuliacha likauke, baada ya siku chache ataona nyufa za kupitisha kidole.

Akina mama waligundua dawa ya tatizo hili zamani sana. Ng'ombe anapokula nyasi, tumbo lake haliwezi kuzisaga zote. Kinyesi chake huwa kimejaa vijiuzi vidogo vidogo vya majani. Vikichanganywa na udongo, vijiuzi hivyo huushikilia kutoka kila upande. Ufa unapoanza, hukutana na uzi na kukwama hapo.

Jambo la pili ni tabaka. Ardhi hushindiliwa kwanza hadi iwe ngumu. Kisha hupakwa mchanganyiko mzito wa udongo, ukaachwa ukauke, na juu yake hupakwa tabaka jingine lililo jembamba na laini zaidi. Tabaka jembamba hukauka sawasawa juu na chini, kwa hiyo halijikunji. Na kila linapopakwa upya, huziba nyufa za lile lililotangulia. Sakafu ya nyumba iliyokaa miaka mingi inaweza kuwa na makumi ya matabaka.

Hekima hii si ya Wakipsigis peke yao. Msomaji wa Biblia atakumbuka kisa cha Waisraeli kule Misri, pale Farao alipowanyima majani makavu ya kuchanganya na udongo wa matofali huku akitaka idadi ileile. Fundi yeyote wa udongo ataielewa dhuluma ile mara moja.

Kutoka boma hadi kiwanda

Sasa turudi kwenye bodi za dada yako. Ukizivunja na kutazama ndani, utakuta hadithi ileile ya nyanya. Kuna madini yanayobeba uzito, kuna nyuzi zinazozuia nyufa, na aghalabu vitu hivyo vimepangwa kwa matabaka.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Hatschek, mwenye kiwanda nchini Austria, alibuni mtambo uliochota uji wa saruji na nyuzi na kuuviringisha katika utando mwembamba, mmoja juu ya mwingine, hadi bamba likapata unene uliotakiwa. Alipata hataza yake mwaka 1901, na bamba hilo akaliita Eternit. Utaratibu huo unatumika hadi leo.

Kwa bahati mbaya nyuzi alizotumia Hatschek hazikuwa za mimea. Zilikuwa za asbestosi, jiwe lenye nyuzi, ambalo vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani na ugonjwa wa mapafu miaka mingi baadaye. Mabamba hayo yalienea duniani kote, na hapa Kenya utayaona bado juu ya majengo ya zamani. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbestosi katika orodha ya taka za hatari. Kwa hiyo, msomaji, ukipewa mabamba ya kijivu yaliyobomolewa kutoka jengo kuukuu uyatandike chini kama sakafu, kataa. Usiyakate, usiyavunje, wala usiwaache watoto wayachezee.

Viwanda vililazimika kutafuta nyuzi nyingine, na tangu miaka ya 1980 vingi vimerudi kwenye mimea. Bodi nyingi za saruji za siku hizi zina nyuzi zilizotolewa katika mbao kwa njia ileile ya kutengenezea karatasi. Kwa maneno mengine, baada ya miaka 80 kiwanda kilirudi alipokuwa nyanya.

Pale fundi alipoteleza

Je, hii ina maana kwamba nyuzi za mmea na madini huelewana daima? La hasha. Katika miaka ya 1980, hapa Afrika Mashariki, mafundi na wataalamu walijaribu kutengeneza vigae na mabamba ya paa kwa saruji na nyuzi za mkonge. Mwanzoni yalikuwa imara. Lakini saruji ina ukali wa magadi unaozila nyuzi mbichi polepole, hasa zikilowa na kukauka mara kwa mara. Baada ya miaka michache mengi ya mabamba hayo yalikuwa yamebaki saruji tupu inayovunjika kwa urahisi. Nyuzi za bodi za kiwandani hudumu zaidi kwa sababu hupikwa na kusafishwa kwanza.

Funzo la hapo ni hili: usichukue kinyesi cha ng'ombe ukakichanganya na saruji ukidhani utapata mazuri ya pande zote mbili. Saruji itazila nyuzi, na sukari iliyomo katika mimea itaizuia saruji isigande vizuri.

Ipo pia aina nyingine ya bodi, nyeupe, inayotengenezwa kwa oksidi ya magnesiamu. Asili yake ni ugunduzi wa Mfaransa Stanislas Sorel wa mwaka 1867, na zamani saruji yake ilichanganywa na unga wa mbao kutengeneza sakafu za majumba ya Ulaya. Bodi hizi haziungui kwa urahisi na ni nyepesi. Lakini sikiliza yaliyotokea Denmark. Kati ya mwaka 2010 na 2015 majengo mengi yalifunikwa kwa bodi za namna hiyo. Hewa ilipokuwa na unyevu, chumvi iliyomo ndani ilivuta maji, na bodi zikaanza kutoa machozi ya chumvi yaliyokula misumari na kuozesha mbao. Ikiwa hewa ya Denmark ilifanya hivyo, fikiria ile ya Kericho mwezi wa Aprili.

Kwa hiyo swali la mama halikuwa la kizamani. Bodi yoyote ikilazwa moja kwa moja juu ya udongo uliolowa itavuta maji kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Bodi za sakafu hutaka fremu ya mbao iliyoinuliwa, yenye hewa kupita chini yake. Muuzaji anayesema siku mbili hajaihesabu fremu hiyo.

Afya ya watoto

Hata hivyo tusiifanye sakafu ya udongo kuwa malaika. Ikikauka na kuachwa, hutoa vumbi, na vumbi ndilo shamba la funza. Mdudu huyu si mwenyeji wetu. Inasemekana alivuka bahari kutoka Brazil mwaka 1872 ndani ya mchanga wa meli iliyotia nanga Angola, akaenea barani na kufika huku kwetu kabla ya karne hiyo kwisha. Funza jike hujichimbia katika ngozi ya mguu, mayai yake huanguka chini, na viluwiluwi hukua katika vumbi kavu la sakafu. Mtoto aliyeshambuliwa vibaya hushindwa kutembea hadi shuleni, na wenzake humcheka.

Kuna minyoo pia. Nchini Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilizifadhili familia maskini kuweka saruji mahali pa udongo kuanzia mwaka 2000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba iliyobadilishwa sakafu yote ilipunguza minyoo na vijidudu vya tumbo kwa watoto kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Hizo si tarakimu za kupuuzwa na mzazi yeyote.

Na kuna mgongo wa mama. Watu husema sakafu ya samadi ni bure, lakini anayesema hivyo si yeye anayepiga magoti kila wiki. Zaidi ya hayo, mashamba yamegawanywa, malisho yamepungua, na ng'ombe wa siku hizi anafungiwa zizini. Anayelishwa sana chakula cha dukani hutoa kinyesi cha majimaji chenye nyuzi chache, na sakafu yake haishiki kama ya zamani.

Njia ya kati

Nchini Rwanda shirika la EarthEnable, lililoanzishwa mwaka 2014, limejenga sakafu za udongo za namna nyingine. Tabaka la chini ni changarawe. Juu yake hushindiliwa mchanganyiko wa changarawe, mchanga na udongo, kisha tabaka jembamba la udongo uliochujwa. Mwisho hupakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa ngozi ngumu isiyopitisha maji. Sakafu hiyo hupigwa deki, haitoi vumbi, na gharama yake ni ndogo kuliko ya saruji.

Mafuta yanayotumika katika kazi kama hii ni ya mbegu za kitani, wala si mafuta ya kupikia, ambayo hayakauki vizuri. Tahadhari moja: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani huweza kushika moto vyenyewe vikikunjwa pamoja. Vianike au vitumbukize majini.

Basi familia iamue nini? Kabla ya kununua chochote, shughulikieni maji. Chimbeni mtaro kuzunguka nyumba, wekeni mfereji wa paa, na hakikisheni sakafu iko juu kuliko uwanja. Wekeni mawe madogo chini ili unyevu usipande. Kazi hiyo yahitajika iwe mtachagua udongo, saruji au bodi.

Mkichagua saruji, msiipake nyembamba juu ya udongo laini. Itapasuka, na nyufa zake zitajaa vumbi lilelile mlilolikimbia. Shindilieni kwanza, na mkishaimwaga, iloweni kwa siku 7 angalau. Mkichagua udongo ulioboreshwa, jaribuni kwanza vipande vitatu vidogo vyenye viwango tofauti vya mchanga. Kile kisichopasuka kikikauka ndicho cha kufuata. Na pesa zikiwa haba, anzeni na chumba wanacholala na kutambaa watoto.

Jambo la mwisho ni rahisi kusahauliwa. Muulizeni mwenye nyumba. Yeye ndiye anayejua kona ipi hulowa masika, na ukuta upi hupitisha maji. Kaka mwenye pesa za bonasi na dada mwenye bodi za dukani wote wana nia njema, lakini nyumba ile wataiacha Januari. Mama atabaki nayo mvua ikirudi.

Naye yule mtoto mlangoni ajibiwe kwa heshima. Aambiwe kwamba chini pale pamejengwa kwa ufundi, ambao viwanda vya Ulaya vilihitaji miaka 80 kuurudia, na kwamba sasa familia inataka kuuongezea ngozi isiyopitisha maji. Kisha avue viatu aingie, chai inapoa.