Mgogoro wa Ndoa: Pa Kuanzia

Wanandoa waliokosana hawalazimiki kumlipa wakili ndipo wasikilizwe. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri hutoa ushauri kwa familia. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa katika kila kata, iwe Kilwa Masoko, Kivinje au Lindi mjini. Shauri hupelekwa katika kata anayoishi mume. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe 2 hadi 5. Mawakili hawaruhusiwi kuwasemea wahusika. Wanandoa wa jumuiya moja ya kidini waweza kulitumia baraza la jumuiya hiyo, iwapo limeteuliwa kisheria.

Usuluhishi ukishindikana, dai hati ya Baraza na uitunze. Isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, ombi la talaka halipokelewi mahakamani bila hati hiyo, nayo iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya ombi kufunguliwa.

Palipo na kipigo au vitisho, usisubiri kikao: nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mtoto akidhulumiwa, piga simu namba 116 bila malipo.