Kicheko Msibani: Nyimbo za Filamu ya "Harold and Maude"

Ndugu msomaji, huenda umepata kuhudhuria msiba ambako watani wa marehemu walifika. Wafiwa wamejiinamia, nao watani wanaingia kwa vishindo. Wanaigiza mwendo wa marehemu na kudai madeni ambayo hayakuwapo, hata aliyekuwa akilia hujikuta anacheka. Lakini mtani mwenye adabu anaujua mpaka wake. Kuna saa ambayo naye hunyamaza.

Zipo filamu zinazofanya kazi ya mtani huyo. Katika fasihi mchezo wa namna hiyo huitwa tanzia-ramsa, yaani kilio na kicheko katika chungu kimoja. Mtengenezaji wake ana mzigo mzito. Akizidisha mzaha, mauti hugeuka mchezo wa watoto. Akizidisha huzuni, watazamaji hurudi nyumbani na simanzi tupu. Ni nani basi atakayemwonyesha mtazamaji saa ya kucheka na saa ya kunyamaza? Mara nyingi kazi hiyo huachiwa muziki. Mfano mzuri ni "Harold and Maude", filamu ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1971, ikaandikwa na Colin Higgins na kuongozwa na Hal Ashby.

Harold ni kijana wa nyumba ya kitajiri asiyekosa kitu ila mtu wa kumsikiliza. Kazi yake ni kujifanya amejiua, tena na tena, ili mama yake ashtuke. Mama hashtuki. Siku nyingine kijana huhudhuria maziko ya watu asiowajua, na huko ndiko anakokutana na Maude, bibi anayekaribia kutimiza miaka 80, naye pia mhudhuriaji wa maziko ya wageni. Bibi huyo anayapenda maisha kama mtoto aliyefunguliwa mlango wa kwenda kucheza. Urafiki wao, ambao baadaye unageuka mapenzi, ndio kisa chenyewe.

Sasa sikiliza jinsi filamu inavyoanza. Harold anateremka ngazi, anaweka santuri kwenye gramafoni, na wimbo unaanza: gita, na sauti ya kijana inayomsihi mtu asiogope kujifungua kwa wenzake. Wakati huo huo Harold anatayarisha mojawapo ya vifo vyake vya uongo. Mama anaingia, anatazama, kisha anashika simu na kuendelea na shughuli zake. Hapo tunacheka. Lakini ule wimbo haukucheka. Ulikwisha tuambia, kabla ya mzaha wenyewe, kwamba huyu ni kijana mpweke anayeomba kuonekana.

Mwimbaji aliyechaguliwa ni Cat Stevens, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1948. Chaguo hilo lilikuwa na maana. Stevens alipata sifa akiwa bado kijana mdogo, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 akaugua kifua kikuu na kukaribia kufa. Alilazwa kwa miezi kadhaa, na katika kipindi kirefu cha kupata nafuu akatunga nyimbo nyingi za kujiuliza: mtu anakwenda wapi, na anaishi kwa ajili gani? Nyimbo nyingi zinazosikika katika filamu hii zilikwisha kutoka katika santuri zake mbili za mwaka 1970. Mbili tu, wimbo wa ufunguzi na ule ambao Maude humfundisha Harold, zilikuwa mpya. Kwa hiyo nyimbo hizi zinapozungumza juu ya kufa na kupona, anayezungumza ni mtu aliyekwisha uona mlango wa kaburi.

Zingatia pia tofauti ya ala. Harold anapoelea kifudifudi katika bwawa la kuogelea, na mama yake anapita akiogelea bila kujali, tunasikia muziki wa piano na okestra wa Mrusi Tchaikovsky. Ni muziki mkubwa wenye fahari, na ndani yake kijana anaonekana mdogo kama unyoya. Maude, kinyume chake, anakaa kwenye piano yake na kuimba kwa sauti ya kizee isiyo na mafunzo, kisha anampa Harold banjo. Anamwambia kila mtu anapaswa kujua kupiga ala fulani. Zawadi hiyo ni ndogo kwa bei, lakini katika nyumba yote ya mama yake Harold hakuwahi kupewa kitu kama hicho.

Mwishoni mzaha unakoma. Siku ya kutimiza miaka 80, Maude anakatisha maisha yake mwenyewe. Harold anamkimbiza hospitali, na tangu hapo wimbo wa Stevens uitwao "Trouble" unachukua nafasi ya maneno. Tunaona wauguzi, kijana anayesubiri, na gari linalokwenda kasi katika mvua. Wimbo hauusifu uamuzi wa bibi wala hauulaani, unaomboleza tu. Mtani amenyamaza. Kisha gari la Harold linatumbukia kutoka kwenye jabali, nasi tunadhani safari hii kifo ni cha kweli. Lakini yeye amesimama juu, mzima, banjo mkononi. Anaanza kupiga wimbo aliofundishwa, na kuondoka akichezacheza.

Filamu hiyo haikupata watazamaji wengi ilipotoka. Ilipendwa polepole, na mwaka 1997 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa Marekani. Zile nyimbo mbili mpya hazikutoka katika santuri ya Stevens hadi mwaka 1984. Wakati huo mwimbaji alikwisha kusilimu, tangu mwaka 1977, akaitwa Yusuf Islam na kuuweka muziki kando kwa miaka mingi.

Basi, ndugu msomaji, utakapoketi na jamaa zako kutazama filamu ya kuchekesha inayogusa mauti, tega sikio pia. Ukiwa mzazi, sikiliza zaidi. Huenda kijana wako naye ana wimbo anaourudiarudia chumbani kwake, na wewe umekuwa ukisikia kelele tu. Gonga mlango, umwulize unasema nini.