Picha ndefu ya uwanja uliofurika: Kazi ya kamera moja, hesabu na subira

UWANJA wa mpira unapofurika, wafanyabiashara wengi huona soko la maji, karanga, machungwa na jezi. Wachache huona kwamba umati wenyewe ni bidhaa. Picha moja inayoonyesha uwanja kutoka goli hadi goli, huku nyuso za mashabiki zikionekana, ina wanunuzi: klabu, mdhamini mwenye bango uwanjani, mwenye hoteli anayepamba ukuta na shabiki anayetaka kujiona.

Kwa vijana wa Kwamsisi na sehemu nyingine za Handeni na Korogwe wanaoishi kwa picha za harusi na paspoti, kazi hii haiko mbali. Uwanja wa Mkwakwani, nyumbani kwa Coastal Union na African Sports, uko Tanga mjini. Dar es Salaam upo Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye viti 60,000. Tanzania, Kenya na Uganda pia zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027.

Picha ya namna hii haipigwi mara moja. Mpigaji hupiga vipande vingi huku akigeuza kamera kidogo kidogo, kisha kompyuta huviunga. Januari 20, 2009, Mmarekani David Bergman alipiga picha 220 za umati katika kuapishwa kwa Rais Barack Obama, akitumia kamera ndogo ya Canon G10. Kompyuta yake ilichukua zaidi ya saa sita kuziunga.

Hesabu kabla ya safari

Mteja akitaka bango la upana wa mita 3, hizo ni inchi 118. Kwa uchapishaji wa nukta 150 kwa inchi, zinahitajika nukta 17,700. Kamera ya megapikseli 18 ikisimamishwa wima hutoa upana wa nukta 3,456. Kila kipande kikiingia ndani ya mwenzake kwa asilimia 30, kila picha mpya huongeza nukta 2,419 tu. Hivyo picha 7 zinatosha, na kimo cha bango hufika karibu sentimita 85. Mchapishaji naye aulizwe mapema anataka nukta ngapi.

Vipande visipoingiliana, programu haina alama za kuvifananishia, na hakuna namna ya kurudia mechi iliyokwisha.

Makosa yanayoharibu kazi

La kwanza ni kuiachia kamera ijiamulie. Jukwaa moja liko juani, jingine kivulini. Kamera ikijirekebisha, kila kipande hutoka na mwanga na rangi yake, na bango huwa na mistari kama shuka la viraka. Mwanga, rangi na umbali wa kulenga vifungwe kabla ya picha ya kwanza. Mwanga upimwe upande wenye jua, kwa kuwa sehemu iliyoungua kwa mwanga haitengenezeki tena.

La pili ni kugeuka na mwili badala ya kuzungusha kamera kwenye lenzi yake. Inua kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha jingine: kidole kitaonekana kuhama ukutani. Ndivyo nguzo au uzio wa karibu unavyohama kati ya vipande, na maungio yakakatika. Stendi ya miguu mitatu iliyo sawasawa, iliyowekwa mbali na nguzo, hupunguza tatizo hilo.

La tatu ni watu wenyewe. Shabiki akiruka kati ya picha mbili, huweza kutokea mara mbili au bila kichwa. Wakati mzuri ni timu zinapojipanga kabla ya mpira kuanza, na vipande vyote vipigwe haraka. Upigwe mzunguko wa pili na wa tatu, ili kipande kibovu kipate mbadala.

Kuunga picha si lazima kuwe na gharama kubwa. Programu ya Hugin hupatikana bure, PTGui hulipiwa. Zote huruhusu kuchagua kichwa kipi kibaki panapoingiliana.

Kibali na haki za watu

Kuingia na stendi kunahitaji ruhusa ya wasimamizi wa mechi. Anayetaka kurusha droni anahitaji kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Pia ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Uso wa mtu mmoja usikatwe kutoka kwenye umati na kuwekwa katika tangazo bila ridhaa yake.

Njia nafuu ya kujifunza ni kuanzia mashindano ya kata, mnada wa ng'ombe au mkutano wa chama cha ushirika. Umati ni mdogo, kosa halina hasara kubwa, na picha nzuri ya hapo ndiyo itakayoonyeshwa kwa klabu wakati wa kuomba kazi. Bei nayo ipangwe kwa kujumlisha nauli, uchapishaji na saa za kompyuta, si dakika zilizotumika uwanjani pekee.