Jicho Huvutwa na Alama

Hamed bin Muhammed, aliyepita hapa Tabora na misafara ya pembe na watumwa, alifariki mwaka 1905. Wengine husema aliitwa Tippu Tip kwa kupepesa macho. Mwenyewe alisema ni mlio wa bunduki zake. Ndiyo desturi ya watu: alama moja usoni huweza kummeza mwenyewe.

Kwa nini? Tunapozungumza, hutazama zaidi macho na kinywa cha mwenzetu. Penye kovu, jicho huvutwa huko na sikio hulegea. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kuwa wasaili walikumbuka machache ya maneno ya mwombaji kazi mwenye alama usoni, wakampima chini.

Basi mwenzetu akisimama darasani, tumsikilize. Kovu halijibu swali.